Kompyuta Haijasema Ununue Sensa

"Fundi, gari nimeshaipima kwa kompyuta, imesema sensa ya oksijeni mbovu. Hii hapa nimekuja nayo, nifungie tu." Wiki hii nimeyasikia maneno hayo mara tatu, na mara zote tatu sensa iliyokuwemo kwenye gari ilikuwa nzima. Inaniuma kuona watu wanatupa pesa namna hii.

Ile namba inayotoka kwenye mashine si jina la spea. Chukua P0171, ambayo naikuta sana. Maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi na petroli kidogo, basi. Sensa haikutajwa. Kontroli boksi, yaani kompyuta iliyomo ndani ya gari inayoendesha injini, hukadiria petroli kwa hewa iliyopimwa na sensa ya hewa pale baada ya filta. Ukipasuka ule mpira mkubwa baina ya sensa hiyo na throtili (mlango wa hewa wa injini), hewa nyengine inaingia bila kupimwa. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inaona oksijeni imebaki nyingi na inapeleka habari. Kontroli boksi inaongeza petroli, inaongeza tena, mpaka inafika kikomo chake na kuwasha taa ya injini kwenye dashibodi. Sasa aliyeleta habari ndiye anayeng'olewa na kutupwa! Mpira unabaki na mpasuko wake, na haipiti wiki taa imerudi. Namba hiyo hiyo huletwa pia na pampu ya mafuta iliyochoka, filta ya petroli iliyoziba, nozeli chafu, au sensa ya hewa iliyojaa vumbi, ambayo pengine inataka kupuliziwa dawa yake ya kusafishia tu.

Hapa kwetu Unguja kuna jambo jengine ambalo mashine haitalitaja kamwe: chumvi. Gari zinalala Nungwi, Paje, Makunduchi, upepo wa bahari unazipiga usiku kucha, na nyengine zinateremshwa mpaka mchangani kubeba samaki. Waya wa ethi unaotoka kwenye betri kwenda bodi na injini unaliwa ndani kwa ndani, juu unaonekana mzima. Na sensa zinafanya kazi kwa umeme mdogo mno: ile ya kawaida ya oksijeni inacheza baina ya volti 0.1 na 0.9, nyengine nyingi zinalishwa volti 5. Ethi ikipoteza hata nusu volti, kontroli boksi inaweza kusoma uongo. Nimeshapokea gari yenye namba nne kwa pamoja, mwenyewe ameshaambiwa atafute kontroli boksi, na kumbe ni bolti moja ya ethi iliyoshika kutu la kijani.

Kwa hivyo kabla hujenda dukani, msimamie fundi wako afanye hivi. Aweke mita kwenye volti za DC, ncha nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini, nyeusi kwenye nguzo ya hasi ya betri, kisha mtu apige starta. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi zote zifunguliwe, zisuguliwe kwa msasa mpaka chuma king'are, zikazwe, halafu zipakwe grisi juu. Na zikija namba nyingi kwa mpigo za sensa zinazogawana zile volti 5, achomoe sensa moja moja huku anazipima volti hizo. Moja iliyopiga shoti inaziangusha zote.

Mengine nayasema kwa ufupi.

Kuchomoa terminali ya betri si dawa. Kunafuta namba, na kwenye gari nyingi kunafuta pia yale ambayo kontroli boksi imejifunza kuhusu injini na gia, ndiyo maana baadaye gari inatetemeka au inabadilisha gia kwa kishindo. Zile namba ndizo zilizokuwa ushahidi wangu. Njoo na taa yako ikiwaka.

Kwenye gari za automatiki, taa ya O/D OFF (overdrive) ikiwaka tuli, umebonyeza kitufe na gia ya juu imefungwa. Haiokoi mafuta, ukiwa barabara kuu unayala zaidi. Ikiwa inapepesa kwenye Toyota za zamani, hapo gia boksi imesajili hitilafu, usiifunge safari ya shamba.

Gia boksi ya CVT, ile automatiki ya mkanda na puli badala ya gia za hatua, hainywi oili ya automatiki ya kawaida (ATF). Toyota Noah za kuanzia 2007 zisizo hybrid ni CVT: mkanda wa chuma unazishika puli kwa msuguano, na oili yake imetengenezwa kwa mshiko huo. Ukitia ATF kwa kuwa bei yake nafuu, mkanda utateleza na kuzikwangua puli.

Kontroli boksi nayo hufa, lakini kwa nadra, na mara nyingi tunaiua wenyewe: kuchomelea bodi bila kuchomoa betri, kubusti kwa waya zilizogeuzwa, kuipiga injini maji ya pampu. Injini ifutwe kwa kitambaa kibichi. Na kama maji yameshaingia, usipige starta mpaka soketi za waya zikauke.