K. M. Mani hakukwama jimboni

Kila anapotajwa K. M. Mani, aliyekuwa waziri wa fedha wa jimbo la Kerala, India, hakosi mtu wa kuuliza: miaka yote ile, na hakuwahi kuwa waziri Delhi, kwenye serikali kuu? Huuliza kwa huruma, kana kwamba mzee wa watu aliachwa na basi. Huruma hiyo imenichosha. Nyuma yake kuna imani kwamba waziri wa jimbo la India ni naibu wa mtu fulani Delhi, akisubiri kupandishwa cheo.

Tuelewane kwanza kwa maneno, maana nusu ya kosa imejificha humo. Jimbo hapa ni Kerala nzima. Lile jimbo la mbunge wa Tanzania nitaliita eneo bunge, kama wasemavyo Wakenya. Gavana wa India hapigiwi kura na mtu yeyote. Anateuliwa na Rais, na kwa kawaida anatia saini anacholetewa, ingawa siku hizi wapo wanaokalia miswada mpaka wapelekwe Mahakama ya Juu. Anayeendesha serikali ni Waziri Kiongozi. Wazanzibari walikuwa na cheo cha jina hilo hadi 2010, ila chao kilikuwa chini ya Rais wao. Huyu wa India juu yake ana bunge la jimbo tu, na polisi, ardhi, afya na kilimo viko mikononi mwake kikatiba. Delhi haikumwazima.

Sasa mawaziri. Kenya, waziri haruhusiwi kuwa mbunge. Tanzania lazima awe mbunge, lakini Rais ana viti 10 vya kuteua, basi mtu anatolewa chuoni au benki na wiki hiyo hiyo anaapishwa. Kerala mlango huo haupo. Ibara ya 164 ya Katiba ya India inampa waziri asiye na kiti miezi 6 ya kukitafuta, akikikosa anaondoka. Punjab walijaribu ujanja: Tej Parkash Singh aliteuliwa 1995 bila kiti, miezi 6 ikamkuta hana kiti, akajiuzulu, akateuliwa tena 1996, kiti bado hana. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ikasema huko ni kuichezea Katiba. Majimbo 6 yana nyumba ya pili ya bunge ambamo mtu wa namna hiyo anaweza kupenyezwa. Kerala ina nyumba moja tu. Ukikosa watu wa kukupigia kura, umekwisha.

Kwa hiyo siasa za Mani zinaanza Pala, mji wa mashamba ya mpira wilayani Kottayam. Alishinda pale mara 13 mfululizo, kuanzia 1965 hadi 2016. Wanaohesabu miaka yake bungeni kuanzia 1965 wanakosea kidogo: bunge lililochaguliwa mwaka ule halikukaa hata siku moja. Hakuna chama kilichoweza kuunda serikali, likavunjwa, na washindi wakarudi kwa wapiga kura 1967. Alishinda, naam, lakini hapakuwa na bunge la kuingia.

Uwaziri aliupata 1975, wa fedha. Baada ya hapo alishika fedha, sheria, mapato ya ardhi na wizara nyingine kadhaa, chini ya Mawaziri Viongozi wa kambi zote mbili za Kerala, ile ya chama cha Congress na ile ya mrengo wa kushoto. Orodha nzima hainivutii. Kinachonivutia ni hesabu.

Chukueni 2011. Bunge la Kerala lina viti 140, serikali inahitaji 71. Muungano wa UDF, ile kambi ya Congress, ulipata 72. Ndani ya hizo 72, chama cha Mani, Kerala Congress (M), kilikuwa na 9. Toeni 9 mbaki na 63, na hapo hakuna serikali tena. Mtu mwenye 9 za namna hiyo haombi wizara ya fedha, anaulizwa anataka na nini juu yake. Mpelekeni mtu huyo huyo Delhi. Kerala nzima ina viti 20 kati ya zaidi ya 540 vya Lok Sabha, nyumba ya bunge la taifa inayopigiwa kura na wananchi, na chama chake kikibahatika kinapata kimoja. Mwenye mbunge mmoja Delhi anasalimiwa vizuri, anapewa chai. Sasa niambieni nani alikwama.

Hesabu hiyo imebanwa zaidi tangu marekebisho ya 91 ya Katiba, ya 2003: mawaziri wote wa jimbo, pamoja na Waziri Kiongozi, wasizidi asilimia 15 ya wabunge. Kerala ni 21 kamili. Zamani mshirika mwenye kinyongo alitulizwa kwa kuongezewa viti mezani. Siku hizi kumpa mmoja ni kumnyima mwingine. Na hapa nikiri jambo linalonisumbua: Karnataka ina wabunge 224, asilimia 15 ni 33.6, na wao huhesabu 34. Haryana ina 90, inatoka 13.5, wakachukua 14. Katiba inasema isizidi. Mimi 34 naiona imezidi 33.6, na bado sijapata maelezo ya kuniridhisha.

Alihama kambi pia. Mwaka 1980 alikuwa waziri katika serikali ya mrengo wa kushoto ya E. K. Nayanar, na 1981 chama chake kikajitoa, serikali ikaanguka muda si mrefu. Vitabu vina maelezo safi ya kila uhamaji. Mimi siwezi kutenganisha msimamo na hesabu katika matukio hayo, na sina hakika kwamba wenyewe waliweza.

Bajeti alisoma 13, rekodi ya Kerala. Ya mwisho ndiyo inayopotoshwa zaidi. Alikuwa akidaiwa kupokea hongo ya wenye baa. Alikanusha, na hadi anafariki hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Wapinzani wakaapa hataisoma, wakalala bungeni. Tarehe 13 Machi 2015 kiti cha spika kilitupwa chini, vifaa vikavunjwa, hasara ikaandikwa rupia 220,093. Mani, akiwa amezungukwa na wabunge wenzake na askari wa bunge, alisoma vipande vichache akaiweka mezani. "Basi haikuwa bajeti halali!" Ilikuwa halali. Ibara ya 202 inataka makadirio ya mwaka *yawekwe* mbele ya bunge. Hotuba ya saa mbili na mashairi yake ni desturi tu. Waliopanga kumzuia asisome walizuia kitu kisicho cha lazima, na Mahakama ya Juu 2021 ikakataa kesi yao ya uharibifu ifutwe.

Wiki hizo hizo za fujo, mawaziri wa fedha wa majimbo walikuwa wanajadiliana kuhusu kodi ya bidhaa na huduma, GST, iliyokuja kuanza Julai 2017. Mwenyekiti wa kamati yao mwaka 2015 alikuwa Mani, hadi alipojiuzulu uwaziri Novemba. Waziri wa jimbo akiongoza majimbo yote kubishana na Delhi juu ya nani atoze nini. Pombe na petroli zimebaki nje ya GST hadi leo kwa sababu majimbo yalikataa kuziachia.

Alifariki Aprili 2019 akiwa bado mbunge wa Pala. Uchaguzi mdogo ulichukuliwa na Mani C. Kappan wa LDF, ule mrengo wa kushoto. Mwaka 2020 mtoto wa marehemu, Jose K. Mani, akahamisha chama kwenda LDF hiyo hiyo iliyopindua kiti cha spika siku ya bajeti ya baba yake. Kappan akaona Pala inampotea, akahamia UDF, na 2021 akamshinda Jose. Chama kilipata waziri, Roshy Augustine, akapewa wizara ya maji. Kiongozi wa chama hakuwa na kiti cha kuingilia baraza. Novemba mwaka huo akachaguliwa kwenda Rajya Sabha, nyumba ya juu ya bunge la taifa, Delhi.