Mtoto mtu mzima akifunga ndoa, ombi la mzazi aliyeko Marekani huwaje?

Katika familia nyingi zilizogawanyika kati ya Afrika Mashariki na Marekani, habari ya harusi ya kijana aliyebaki nyumbani hupokewa kwa furaha iliyochanganyika na hofu, kwa sababu mzazi aliyeko ng'ambo ameshawasilisha ombi la kumleta na kila ndugu amesikia lake kuhusu jambo hilo. Mmoja husema kwamba akioa tu, faili limekufa. Mwingine husema kwamba ndoa haina neno, mradi ombi limeshaidhinishwa. Kila kauli ina chembe ya ukweli, lakini zote mbili huliruka swali lenyewe: siku ile ndoa ilipofungwa, mzazi alikuwa ameshakuwa raia wa Marekani, au alikuwa bado mkazi wa kudumu mwenye kadi ya kijani?

Sheria ya Marekani huwagawa watoto waliotimiza miaka 21 katika makundi matatu. Mtoto asiye na ndoa wa raia yumo katika kundi la F1, asiye na ndoa wa mkazi wa kudumu yumo katika F2B, na mwenye ndoa wa raia yumo katika F3. Kundi la mtoto mwenye ndoa wa mkazi wa kudumu halipo kabisa, na pengo hilo ndilo linaloziumiza familia nyingi.

Dhana potofu yenye madhara makubwa kuliko zote ni kwamba ndoa ya mtoto wa mkazi wa kudumu "inachelewesha tu". Ukweli ni kwamba ombi hubatilika lenyewe siku ya ndoa, hata kama liliidhinishwa miaka mingi nyuma na hata kama hakuna barua yoyote iliyotumwa, na pamoja nalo hupotea tarehe ya kipaumbele, yaani nafasi ya mtu katika foleni. Tuseme mama aliyeingia Marekani kwa bahati nasibu ya viza alijaza fomu I-130, yaani fomu ya kumwombea jamaa, mwaka 2017 kwa ajili ya mwanawe wa miaka 24, kijana akaoa Morogoro mwaka 2022, na mama akala kiapo cha uraia mwaka 2023. Ombi lile lilikwisha mwaka 2022. Mama akiwa raia anaweza kufungua ombi jipya la F3, lakini foleni inaanza upya kuanzia siku anapoliwasilisha. Lau kiapo kingeitangulia harusi, hata kwa wiki moja, ombi la 2017 lingehamia F1, kisha baada ya harusi lingehamia F3 likiwa na tarehe yake ileile. Ikumbukwe pia kwamba kinachohesabiwa ni kiapo chenyewe. Mzazi aliyefaulu usaili wa uraia na anasubiri sherehe ya kuapishwa bado ni mkazi wa kudumu, na harusi ikifungwa katika majuma hayo ya katikati, ombi linabatilika vilevile.

Wako wanaouliza kwa nini basi wazazi hawaharakishi uraia, ilhali kwa kawaida mtu huruhusiwa kuuomba baada ya miaka 5 ya ukazi wa kudumu, na kwa mkimbizi miaka hiyo huhesabiwa tangu siku aliyoingia nchini. Kwa Mtanzania jibu si uvivu. Sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, kwa hiyo kiapo cha Marekani kinamgharimu uraia wa kuzaliwa. Mkenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, hana mzigo huo. Si haki kumlaumu mzazi anayesita, ila ni vizuri familia ijue kwamba kusita kwake kuna gharama nyingine, na gharama hiyo hulipwa na mtoto aliye na mchumba.

Harusi ikishafanyika, ushauri wa haraka unaotolewa ni kwamba kijana aandike talaka, viza itoke, kisha warejeane. Kwanza, ombi la mkazi wa kudumu likishabatilika halifufuliwi na talaka. Ni kweli kwamba mtalikiwa, mtaliki na mjane huhesabiwa kuwa hawana ndoa, na mzazi anaweza kuwafungulia ombi jipya la F2B, lakini ni jipya kwa maana halisi, pamoja na foleni yake. Pili, talaka ya karatasi haimdanganyi kila mtu. Mwaka 1983 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ya Marekani iliamua kwamba talaka iliyotafutwa kwa ajili ya viza tu, huku wawili hao wakiendelea kuishi pamoja, haimfanyi mtu kuwa asiye na ndoa, hata ikiwa mahakama iliitoa kihalali.

Wengine huamini kwamba nikahi ya msikitini au ndoa ya kimila si "ndoa ya serikali", hivyo haihesabiki. Maofisa wa Marekani huangalia sheria ya mahali ndoa ilipofungwa. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazitambua ndoa za kidini, za kiserikali na za kimila, na Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inazitambua pia za Kiislamu na za kimila. Kukosa cheti si kukosa ndoa. Kwa upande mwingine, posa na uchumba peke yake si ndoa, na kuwa na mtoto nje ya ndoa hakumwondoi mtu katika kundi la wasio na ndoa. Mtoto huyo, akiwa na umri chini ya miaka 21 na hajaoa wala kuolewa, anaweza hata kuandamana na mzazi wake katika F1 au F2B.

Kwa sababu hiyohiyo, ushauri wa "fungeni kimyakimya, msiseme ubalozini" ndio mbaya kuliko yote niliyowahi kuusikia. Fomu ya viza huuliza hali ya ndoa na majina ya akaunti za mitandao ya kijamii za miaka 5 iliyopita, na picha za harusi zetu hazijulikani kwa usiri. Hata anayepita hapo hujifunga mwenyewe baadaye. Akishafika Marekani atataka kumwombea mkewe, na cheti cha ndoa atakachokiwasilisha kina tarehe iliyotangulia safari yake. Uongo wa namna hiyo unaweza kumnyima mtu kibali cha kuingia Marekani maisha yake yote, na msamaha wake ni mgumu kupatikana.

Hata viza ikiwa mkononi, hatari haijaisha. Masharti ya F1 na F2B ni kwamba mtu awe hana ndoa mpaka anapopokelewa na ofisa wa uhamiaji katika lango la kuingilia Marekani. Ndoa iliyofungwa wiki moja kabla ya ndege, ili bibi harusi "asije akachukuliwa na wengine", huibatilisha viza hiyo. Akishaingia na kuwa mkazi wa kudumu, yuko huru kurudi nyumbani kuoa na kumwombea mkewe katika kundi la F2A, ambalo ni la wenzi na watoto wadogo wa wakazi wa kudumu.

Kwa mzazi ambaye tayari ni raia, maneno ya kwamba faili limekufa si kweli. Mtoto wake akioa au akiolewa, ombi huhamia F3 pamoja na tarehe yake ya awali, na mwenzi wake na watoto wao walio chini ya miaka 21 wasio na ndoa wanaweza kuja naye. Ndoa hiyo ikivunjika kihalali, ombi hurudi F1. Gharama iko kwenye kungoja: F3 hutengewa viza 23,400 kwa mwaka kama msingi, huhesabu ndani yake wenzi na watoto, na waombaji wa nchi nyingi hungoja zaidi ya miaka 10, muda ambao kwa kawaida ni mrefu kuliko wa F1. Anayepoteza zaidi ni mtoto wa raia aliye chini ya miaka 21, ambaye hana foleni yoyote na ambaye nikahi moja humtoa hapo na kumtia katika foleni hiyo ndefu. Wala mabadiliko haya hayajiandiki yenyewe katika faili. Familia ndiyo inayopaswa kukiarifu Kituo cha Kitaifa cha Viza, kinachotunza faili kabla halijafika ubalozini, na kupeleka cheti cha ndoa, na kila mtoto anayezaliwa baadaye aongezwe kwa cheti chake cha kuzaliwa.