Mgonjwa mmoja, kloni nyingi: anuwai ya kijenetiki ya vimelea vya malaria

Kwenye hadubini, vimelea vya Plasmodium falciparum vya mgonjwa mmoja hufanana. Kijenetiki vinaweza kuwa mbalimbali: kule malaria ilikoshamiri, mtu mmoja aghalabu hubeba kloni mbili, tatu au zaidi kwa pamoja. Kloni ni vimelea vyote vilivyozaliwa na kimelea kimoja kwa kujigawa. Mchanganyiko hutokea mtu anapoumwa na mbu tofauti, au mbu mmoja anapomwingizia kloni kadhaa kwa mkupuo.

Kuzihesabu, damu hukaushwa kwenye karatasi ya chujio, DNA ikatolewa, kisha jeni kama msp1 na msp2 zikakuzwa kwa PCR, mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane. Urefu wa jeni hizi hutofautiana baina ya kloni. Kwa kuwa kimelea kilicho ndani ya binadamu kina seti moja tu ya kromosomu, vipande viwili vya msp2 ni dalili ya kloni mbili, angalau.

Hesabu hii ina uzito mkubwa dawa mseto inapojaribiwa. Mgonjwa hufuatiliwa siku 28 au 42. Vimelea vikirudi, lazima ijulikane kama dawa imeshindwa au mbu amemwambukiza upya. Tuseme siku ya 0 msp2 ilitoa vipande vyenye urefu wa besi (herufi za DNA) 280 na 350. Siku ya 21 kikionekana cha 310 peke yake, hayo ni maambukizi mapya. Vikionekana 310 na 350, na jeni nyingine nazo zikilingana, dawa imeshindwa: kloni ya zamani ingalipo, hata kama mpya imeongezeka.

Hapa ndipo makosa huingia. PCR hupendelea vipande vifupi na kloni zenye vimelea vingi. Kloni sugu iliyokuwa chache siku ya 0 haionekani. Ikija kutawala baadaye huitwa mpya, na dawa husifiwa isivyostahili. Jeni ya tatu iliyozoeleka katika kipimo hiki, glurp, ina udhaifu huu zaidi, ndiyo maana mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri nafasi yake ichukuliwe na maikrosatelaiti, yaani sehemu za DNA zenye herufi chache zinazojirudiarudia. Isitoshe, vimelea vinapokomaa katika mzunguko wao wa saa 48 hujibana kwenye kuta za mishipa midogo, hivyo kloni nzima inaweza kukosekana kwenye damu ya kidole siku hiyo. Sampuli ya pili ikichukuliwa saa 24 baadaye, mara nyingi huinasa.