"Mzee, mbona unamtetea yule?"

Katika kazi yangu ya usuluhishi hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kama hili, tena huulizwa mapema, kabla sijasema lolote la maana. Safari moja ndugu wawili waliokuwa wakigombea nyumba ya urithi waliniuliza hivyo wote, siku moja. Kaka mtu alikasirika kwamba nilianza kumsalimia mdogo wake. Mdogo mtu naye alikuwa amehesabu dakika: mwenzake kaongea ishirini, yeye kumi na tano. Alikuwa kaziandika mgongoni mwa bahasha.

Hawakuwa wananizulia. Mwaka 1985 Vallone, Ross na Lepper, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na wanafunzi. Wote walionyeshwa taarifa zilezile za televisheni kuhusu mauaji ya kambi za wakimbizi mjini Beirut mwaka 1982. Waliounga mkono Israeli waliona taarifa hizo zinaionea Israeli; waliounga mkono Waarabu waliona zinaibeba.

Mtu anayeamini kwamba haki ni yake yote, ukimpa nusu umemdhulumu nusu. Kwake yeye, katikati ni pale aliposimama, kwa hiyo wewe uliye katikati kweli anakuona umeshahamia kwa hasimu wake. Hapo hata kimya chako kina upande. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu hukwepa kutangaza hadharani inayoyaona magerezani, ili milango isije ikafungwa na wafungwa wakakosa wa kuwatembelea. Kimya hichohicho ndicho kinachowafanya wengine waione ndumilakuwili.

Na mambo huweza kuvuka manung'uniko. Folke Bernadotte, msuluhishi wa Umoja wa Mataifa, aliuawa kwa risasi Yerusalemu Septemba 1948 na watu wa Lehi, kundi la Kiyahudi lililoona anawabeba Waarabu. Waarabu wenyewe walikuwa wameshayakataa mapendekezo yake.

Wapo wenzangu wanaojifariji kwamba ukilalamikiwa na pande zote mbili, basi umetenda haki. Mimi sikubaliani nao. Unaweza kulalamikiwa na wote kwa sababu umewaboronga wote! Malalamiko yanakwambia tu kwamba unatazamwa. Kama umekosea au la, itabidi ujichunguze mwenyewe. Mimi nilipojichunguza niliona bahasha ile ilisema kweli: dakika hazikulingana.

Kikao kilichofuata nilikuja na saa kubwa, nikaiweka katikati ya meza, nikawaambia kila mmoja ana dakika kumi na tano, na atakayeanza apatikane kwa kurusha sarafu. Kaka mtu akaitika. Mdogo mtu akaikodolea saa macho, akaigeuza bahasha upande usioandikwa, akatoa kalamu.

"Samahani mzee," akasema, "hii saa kaileta nani?"