Je, wajua kwa nini Makamu wa Rais wa Kenya zamani alifutwa kwa redio, na leo hadi Seneti ipige kura?

Usiku wa tarehe 17 Oktoba 2024, pale tunapokaa kunywa kahawa Mwembe Tayari, Mombasa, hakuna aliyetaka habari za mpira. Seneti ilikuwa ikiamua hatima ya Rigathi Gachagua, makamu wa Rais William Ruto, na muuza kahawa alikuwa ameiegemeza simu yake kwenye mkebe wa kashata ili kila mtu aone. Shtaka likisomwa, maseneta wanapiga kura. Jingine, kura tena. Yalikuwa mashtaka kumi na moja, na kahawa ilikuwa ikipoa vikombeni.

Ami mmoja wa pale barazani, mtu mzima ambaye huwa hasemi sana, akanigeukia. "Hebu niambie, mwanangu. Mbona zamani hakukuwa na mambo haya? Sisi tulikuwa tukifungua redio saa saba mchana, tunaambiwa fulani si makamu tena, tunaendelea na wali wetu."

Ni kweli. Kwa karibu miaka hamsini, mtu wa pili kwa ukubwa nchini Kenya angeweza kuamka na bendera kwenye gari, na kufikia adhuhuri bendera haipo. Leo kumwondoa kunahitaji theluthi mbili ya Bunge la Kitaifa, yaani wabunge 233 kati ya 349, halafu theluthi mbili ya maseneta 67. Tofauti hiyo yatokana na jambo moja tu: nani alimpa kiti.

Neno lenyewe lilikuwa limeshatuonya. Makamu ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na mzizi wake ni kusimama. Kaimu nalo latoka kuko huko. Makamu ni anayesimama mahali pa mwingine. Watu wa mwambao tuliyajua hayo kabla ya kuwa na rais, kwa sababu Liwali alisimama hapa kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar mpaka uhuru wa 1963. Liwali aliheshimiwa, aliamkiwa, lakini ufalme haukuwa wake.

Kenya ilipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964, Katiba ilimpa Rais uwezo wa kujichagulia makamu miongoni mwa wabunge. Rais alimteua, na Rais alimwondoa. Bunge halikuulizwa, wala mpiga kura. Tena makamu ilibidi awe mbunge, kwa hivyo alikuwa na milango miwili ya kutokea: kukosana na mkubwa wake, au kuangushwa na watu wa kijijini kwake. Mlango huo wa pili uliwatoa wawili. Musalia Mudavadi aliteuliwa Novemba 2002, uchaguzi ukaja Desemba, akapoteza kiti cha Sabatia na umakamu ukaenda nacho. Moody Awori naye aliangushwa Funyula mwishoni mwa 2007.

Wa kwanza alikuwa Jaramogi Oginga Odinga, na kisa chake chaonyesha kwamba hata kufuta hakukuwa lazima. Odinga alikuwa na watu wake na siasa zake za mrengo wa kushoto, na Mzee Jomo Kenyatta hakutaka kumfukuza waziwazi. Basi Machi 1966 KANU, chama tawala, ikaitisha mkutano Limuru, ikabadilisha katiba ya chama. Cheo cha makamu mmoja wa rais wa chama kikavunjwa, vikatengenezwa vinane, kimoja kwa kila mkoa. Sisi Pwani tukampata Ronald Ngala. Kumbuka hapa ni makamu wa chama, si wa nchi. Odinga alibaki Makamu wa Rais wa Kenya kwa jina. Lakini mtu uliyekuwa peke yako mlangoni, ukiambiwa sasa mlango ni wa watu wanane na wewe si mmoja wao, ujumbe umefika. Aprili akajiuzulu, akaenda kuongoza chama cha upinzani cha KPU.

Aliyemfuata, Joseph Murumbi, ndiye ninayempenda kuliko wote, na sababu si siasa. Baba yake alikuwa Mgoa, mama yake Mmaasai. Aliteuliwa Mei 1966 na hakumaliza mwaka. Rafiki yake Pio Gama Pinto, mwanasiasa, alikuwa ameuawa kwa risasi Nairobi Februari 1965, na Murumbi hakuwa tena na hamu na serikali ile. Aliondoka kwa hiari yake, akaenda kukusanya vitabu, vinyago, vitambaa na stempu. Sehemu kubwa ya mkusanyo wake iko katika jengo la Nyaraka za Taifa pale Nairobi, na yeye mwenyewe amezikwa City Park, karibu na Pinto. Ukienda Nairobi na una saa moja ya kupoteza kabla ya basi, ingia pale Nyaraka.

Januari 1967 akaja Daniel arap Moi, na hapa ndipo hadithi inaporudi Mombasa.

Watu wengi walimdharau. Alikaa miaka kumi na moja akisema "ndiyo Mzee", na wakubwa waliokuwa karibu na Kenyatta walimwona kama mtu wa kupita tu. Lakini mwaka 1968 Katiba ilikuwa imeongezewa kifungu ambacho wakati huo hakikusumbua wengi: Rais akifariki, makamu atakuwa kaimu kwa siku 90 hadi uchaguzi ufanyike. Kenyatta alipozidi kuzeeka, watu wakafungua vitabu na kukisoma upya, na joto likawapanda. Septemba 1976, katika mkutano mkubwa Nakuru, baadhi ya mawaziri na wabunge walidai kifungu kile kibadilishwe, makamu asipewe hata hizo siku 90. Kila mtu alijua ni Moi anayezuiwa.

Aliyewakata kauli ni Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo. Oktoba alitoa onyo kwamba ni kosa la jinai kwa mtu yeyote kuwaza au kukusudia kifo cha Rais, na adhabu yake ni kifo. Mjadala ukafa hapo. Hebu fikiria: huwezi kujadili nani atamrithi Rais bila kuwaza kwamba Rais atakufa. Kwa hila hiyo ya lugha, kifungu kikabaki kama kilivyo.

Miaka miwili baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 22 Agosti 1978, Mzee Kenyatta alifariki katika Ikulu ya Mombasa, kule Kizingo. Ilikuwa karibu saa tisa na nusu za usiku. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na Ami anakumbuka vizuri kwa sababu kwao walikuwa wameamka kula daku. "Tulisikia magari tu," anasema. "Magari mengi kuliko kawaida. Baba akasema labda ni mgeni wa serikali. Tukanuia, tukalala." Habari yenyewe waliipata mchana kwa redio, na mji ukanyamaza ungedhani ni saa za kungoja adhana.

Moi alikuwa nyumbani kwake Kabarak, upande wa Nakuru. Akapigiwa simu, akashika barabara kwenda Nairobi, na siku hiyohiyo akaapishwa. Zile siku 90 walizozihofia hazikumalizika. Baada ya siku 53, tarehe 14 Oktoba, alikuwa Rais kamili bila mpinzani, akatawala miaka 24. Ukishuka uwanja wa ndege hapa Mombasa leo unasoma jina lake, na ukipita chini ya zile pembe za ndovu mjini uko kwenye barabara yake. Kati ya makamu wote, ni yeye pekee aliyeingia Ikulu kwa mlango ule wa kifo.

Aliyepanda kwa mlango huo hakusahau ulipo. Sidhani ni bahati mbaya kwamba Moi, alipokuwa mkubwa yeye, aliwageuza makamu kama chapati. Mwai Kibaki alikaa miaka kumi, kisha baada ya uchaguzi wa mlolongo wa 1988, ule wa kupanga foleni nyuma ya mgombea, akashushwa kuwa Waziri wa Afya. Josephat Karanja, msomi aliyewahi kuongoza Chuo Kikuu cha Nairobi, alidumu mwaka mmoja na mwezi hivi. Wabunge walimshutumu kwa majivuno na kutaka makuu, wakapitisha hoja ya kutokuwa na imani naye, akajiuzulu Mei 1989. Ukiyasikia mashtaka yale leo, na ya 2024, utaona baadhi ya maneno yanafanana.

George Saitoti, profesa wa hesabu, ndiye aliyepata ya mwaka. Alikuwa makamu tangu 1989. Baada ya uchaguzi wa 1997, Moi akataja baraza lake la mawaziri Januari 1998 na nafasi ya makamu akaiacha wazi. Nchi ikakaa zaidi ya mwaka bila makamu, watu wakilalamika. Halafu Aprili 1999, Moi akiwa njiani, akasimamisha msafara Limuru na kutangaza kando ya barabara kwamba amemrudishia Saitoti kiti chake, sasa wananchi waone kama sufuria zao za ugali zitaongezeka. Ndivyo alivyokithamini. Agosti 2002 akamfuta tena, kwa sababu Saitoti hakukubali kumpisha Uhuru Kenyatta katika mbio za kumrithi Moi.

Serikali ya Kibaki iliyofuata haikuwa na visa vingi vya namna hiyo. Michael Kijana Wamalwa alifariki London Agosti 2003, miezi minane tu kazini, na mpaka leo ndiye pekee aliyefia katika cheo hicho. Moody Awori alikuwa pia Waziri wa Mambo ya Ndani, ambayo ndiyo wizara iliyokuwa ikiangukia makamu mara nyingi, na magereza yalikuwa chini yake. Yeye aliyachukua kwa uzito. Wafungwa wakapata magodoro, wakaruhusiwa televisheni, wakabadilishiwa sare. Aliyekuwa na jamaa gereza la Shimo la Tewa miaka ile atakuambia. Kalonzo Musyoka, aliyeahidi kupita katikati ya Kibaki na Raila Odinga mwaka 2007, alitoka wa tatu katika kura, akapata umakamu Januari 2008 nchi ikiwaka moto. Mwezi uliofuata mapatano ya serikali ya nusu mkate, ile ya kugawana madaraka kati ya Kibaki na Raila, yakaleta cheo cha Waziri Mkuu, na miaka mitano ikapita kwa ugomvi wa nani mkubwa kwa nani.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyokata mzizi. Cheo kikaitwa Naibu Rais, ingawa hapa barazani bado tunasema makamu, nadhani kwa sababu jirani zetu Tanzania wanasema hivyo. Jina si kitu. Kilicho kitu ni kwamba mgombea urais sasa lazima amtaje mgombea mwenza kabla ya kura, na majina yao hushinda au kushindwa pamoja. Kura uliyompa huyu umempa na yule. Rais hawezi kumfuta mtu ambaye hakumchagua peke yake.

Utamu wa mabadiliko hayo ulionekana kwa William Ruto. Baada ya Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila kupeana mkono wa mapatano Machi 2018, Naibu Rais akawa kama mgeni katika serikali yake mwenyewe. Majukumu yakapunguzwa, washirika wake wakavuliwa vyeo Bungeni. Enzi za Moi angetajwa saa saba mchana na mambo yakaisha. Lakini alibaki, na mshahara, walinzi na bendera, akizunguka nchi akijipigia debe hadi akashinda 2022. Kazi za Naibu Rais katika Katiba bado ni chache: kumsaidia Rais, kumkaimu, na kufanya atakayopewa. Alichopewa kipya ni kutofukuzika kwa urahisi.

Kwa urahisi, nimesema. Gachagua aliyeichukua nafasi hiyo alikosana na Ruto ndani ya miaka miwili, na yale maneno yake kwamba serikali ni kampuni yenye wenye hisa yakawa miongoni mwa yaliyomrudia. Wananchi wa kaunti zote 47 waliitwa kutoa maoni. Tarehe 8 Oktoba wabunge 281 wakapiga kura aondoke, 44 wakakataa. Ule usiku wa kahawa, Seneti ilimkuta na hatia katika mashtaka matano kati ya kumi na moja, naye akiwa hospitalini. Hata moja lingetosha.

Asubuhi yake Rais akampendekeza Kithure Kindiki, na Bunge likamkubali siku hiyohiyo kwa kura 236. Mahakama ikasimamisha kidogo, halafu akaapishwa tarehe 1 Novemba.

Nilipomweleza Ami hayo yote siku nyingine, alisikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Odinga, Murumbi, Moi, Kibaki. Vidole vikamwishia kwa Kalonzo, akaanza upya: Ruto, Gachagua, Kindiki. Kumi na watatu.

"Na wa Pwani ni yupi?"

Nikamtajia Ngala, mmoja wa wale wanane wa Limuru.

"Huyo ni wa chama," akasema, na akanyoosha kikombe kwa muuza kahawa.