Leseni ya banda la mbwa Marekani: ina maana gani?

Ukienda kununua mtoto wa mbwa Marekani, sheria haianzi kwa kuuliza kama mbwa mwenyewe ni mzima au mgonjwa. Inaanza kwa kuhesabu. Muuzaji ana majike wangapi wanaozaa? Kwa mwaka mzima ni mbwa wangapi wamepita mikononi mwake? Anauza kwa mtu wa nyumbani au kwa duka? Majibu hayo ndiyo yanayoamua kama anatakiwa kuwa na leseni, na leseni ndiyo inayompa mkaguzi haki ya kuja kugonga mlango wake.

Nayaandika haya kwa sababu ya jirani yangu, mama mwenye asili ya Uvira. Tunaishi Lancaster, Pennsylvania, mji uliopokea wakimbizi wengi, wakiwemo Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Kaunti yetu inajulikana pia kwa ufugaji wa mbwa wa kuuza. Mwanawe alimsumbua karibu mwaka mzima, nataka mbwa, nataka mbwa, mpaka mama akakubali. Akakutana na muuzaji kwenye maegesho ya magari, akatoa fedha taslimu, akakabidhiwa mtoto wa mbwa ndani ya boksi la viatu. Siku ya nne mbwa alianza kuharisha damu. Siku ya sita akafa. Ilikuwa parvo, ugonjwa wa virusi ambao una chanjo. Namba ya simu ya muuzaji ikawa haipatikani tena.

Kwanza tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa sana. Ipo leseni ya mbwa na ipo leseni ya banda. Leseni ya mbwa ni ya kila mwenye mbwa: hapa Pennsylvania, mbwa akifikisha miezi 3 lazima akatiwe leseni, ya mwaka au ya maisha yote, na kibati chake kivaliwe shingoni ili akipotea ajulikane ni wa nani. Leseni ya banda ni ya biashara au kituo. Inamhusu anayezalisha mbwa, anayewauza, anayewatunza kwa malipo, na hata kituo kinachopokea mbwa wasio na wenyewe. Ukiwa na kibati cha mbwa wako hujathibitisha lolote kuhusu mahali alikozaliwa.

Leseni ya banda nayo ina tabaka mbili, la serikali kuu na la jimbo.

Tabaka la serikali kuu lilianza na mbwa mmoja. Mwaka 1965, Pepper, mbwa wa aina ya Dalmatian, aliibwa shambani kwao hapa hapa Pennsylvania. Wenyewe walimtafuta wasimpate. Alikuwa amepita mikononi mwa madalali hadi New York, akatumiwa kwenye jaribio la hospitali, akafa. Mbunge Joseph Resnick wa New York alipeleka muswada bungeni, na Agosti 1966 Rais Lyndon Johnson akatia saini sheria ya kwanza ya nchi nzima kuhusu wanyama wa maabara na madalali wao. Asili hiyo inaeleza mengi. Sheria ilitungwa kuwabana wezi na madalali wa mbwa wa maabara, na ilipofika 1970 ndipo ilipopanuliwa kuwagusa wanaozalisha mbwa na kuwauza kwa jumla madukani. Aliyemuuzia mnunuzi ana kwa ana aliachwa nje, kwa hoja kwamba mnunuzi ana macho yake mwenyewe.

Kisha intaneti ikaja, na hoja ya macho ikaanguka. Mtu aliweza kuwa na majike 60 ghalani, akaweka picha ya mtoto mmoja aliyeogeshwa na kufungwa utepe, akamtuma kwa ndege, na kisheria akahesabiwa kama duka la rejareja, lisilohitaji leseni. Mwaka 2013 Wizara ya Kilimo ilibadilisha kanuni: kama mnunuzi hakumwona mnyama kwa macho yake kabla ya kumchukua, muuzaji si duka tena, anahitaji leseni. Aliyesamehewa ni mwenye majike wasiozidi 4 wanaozaa, anayeuza tu watoto waliozaliwa na kulelewa kwake. Tangu kanuni za 2020, leseni hiyo ni ya miaka mitatu na haitolewi upya mpaka mwombaji afaulu ukaguzi.

Sasa, ukaguzi huo unapima nini? Chukua futi ya kupimia. Pima mbwa kutoka ncha ya pua hadi shina la mkia. Ongeza inchi 6. Zidisha jibu kwa lenyewe, kisha gawanya kwa 144. Hapo umepata futi za mraba ambazo serikali kuu inataka mbwa huyo apewe. Mbwa wa inchi 24 anapata futi za mraba 6.25, yaani eneo la kama sentimita 76 kwa 76. Juu, dari iwe inchi 6 kupita kichwa chake akiwa amesimama. Chora mraba huo sakafuni kwa chaki, kisha fikiria jike anayezaa akiishi humo mwaka hadi mwaka. Banda lake lina leseni, na bwana wake hajavunja sheria. Mimi nilipouchora kwenye sakafu ya baraza yetu nilinyamaza kwa muda.

Ndiyo maana tabaka la jimbo lina uzito. Jimbo haliruhusiwi kushuka chini ya serikali kuu, lakini linaweza kupanda juu yake kadiri wabunge wake wanavyokubali. Yako majimbo ambayo hayana leseni yoyote ya wazalishaji. Pennsylvania ilipanda, na kilichoisukuma ni aibu. Mwaka 2008 wafugaji wawili wa Berks County waliwapiga risasi mbwa 80 baada ya wakaguzi kuwaagiza wawapeleke baadhi kwa daktari wa mifugo. Wakati huo mwenye mbwa aliruhusiwa kisheria kumuua mbwa wake hivyo. Oktoba ya mwaka huohuo Gavana Ed Rendell alitia saini Sheria Namba 119, iliyokaza masharti ya mabanda.

Hesabu ya Pennsylvania ni hii: ukiwa na mbwa 26 au zaidi katika mwaka mmoja, wa kufuga, kutunza au kuuza, unahitaji leseni ya banda, na wakaguzi wa Idara ya Kilimo ya jimbo watakuja angalau mara mbili kwa mwaka. Ukiwa mzalishaji na ukauza zaidi ya mbwa 60 kwa mwaka, au ukamuuza hata mmoja kwa dalali au duka, unaingia kundi la biashara, lenye masharti mazito zaidi. Eneo la kizimba linakuwa mara mbili ya lile la chaki. Mbwa waliokwisha kukua lazima wafike uwanja wa nje wa kukimbia, waonwe na daktari, na daktari pekee ndiye anayeweza kukatisha uhai wao. Sakafu ya wavu wa waya ilipigwa marufuku. Wavu unapendwa na mfugaji kwa sababu kinyesi kinadondoka chenyewe na yeye hafagii. Ila kidole cha mbwa nacho kinapita kwenye tundu, kucha inanasa, nyayo zinachubuka na kuvimba, na vizimba vikipangwa ghorofa, mbwa wa chini anaishi chini ya choo cha mwenzake. Sheria ilipoanza kushika, wazalishaji wengi wakubwa walifunga mabanda.

Si kila jimbo lililopanda lilibaki juu. Huko Missouri, moja ya majimbo yenye wazalishaji wengi kabisa nchini, wananchi walipiga kura Novemba 2010 wakapitisha kwamba mtu asizidishe mbwa 50 wa kuzalisha. Kabla sheria haijaanza kutumika, bunge la jimbo liliifumua mwaka 2011 na kiwango hicho kikaondolewa, ingawa adhabu na ada za leseni ziliongezwa. California ilipita njia nyingine: Januari 2019 duka la wanyama lilikatazwa kuuza mbwa isipokuwa ametoka kwenye kituo cha uokoaji, na mwaka 2021 likakatazwa kuuza mbwa kabisa. New York imefuata kwa kuyakataza maduka kuuza mbwa tangu Desemba 2024.

Vituo vya kuokoa mbwa navyo havijasamehewa kwa sababu ya moyo mwema. Hapa kwetu kituo kikifikisha mbwa 26 kinakatiwa leseni na kukaguliwa kama wengine, na mbwa aliyeokotwa bila kibati lazima akae saa 48 kwanza kabla hajapewa mtu mwingine, ili mwenyewe apate nafasi ya kuja.

Kuna karatasi nyingine ambayo watu huipokea wakidhani ni leseni: cheti cha ukoo kutoka chama cha mbwa wa mbegu safi. Kile kinasema baba ni nani na mama ni nani. Hakisemi mama alilala wapi.

Na hapa ndipo leseni inapomgusa mnunuzi mfukoni. Pennsylvania ina sheria ya kumlinda aliyeuziwa mbwa mgonjwa. Daktari akithibitisha ugonjwa ndani ya siku 10, au kilema cha kuzaliwa ndani ya siku 30, mnunuzi anaweza kudai fedha zake, mbwa mwingine, au gharama za matibabu zisizozidi bei aliyolipa. Lakini muuzaji anayetajwa katika sheria hiyo ni yule mwenye banda au duka lenye leseni ya jimbo au ya serikali kuu. Jirani yangu alikuwa na karatasi ya daktari, yenye tarehe ndani ya siku 10. Mtu wa maegesho hakuwa na leseni, na karatasi haikumfaa kitu.

Taarifa za ukaguzi wa mabanda yenye leseni ziko wazi kwenye tovuti ya Idara ya Kilimo ya jimbo, na za serikali kuu kwenye tovuti ya wizara. Mwaka uliofuata mama alipiga simu mimi nikiwa pembeni yake jikoni. Muuzaji wa kwanza alipoulizwa namba ya leseni alikata simu. Wa pili aliitaja bila kusita. Tukaiandika, tukafungua taarifa: mara ya mwisho mkaguzi alikuta ndoo moja ya maji ina ukungu, ikasuguliwa yeye akiwa palepale, na mengine yote sawa. Jumamosi mama alienda na mwanawe, akaomba aonyeshwe mama wa mbwa na mahali anapolala, akaingia hadi ndani ya banda.