Mapacha wa Northwestern na hadithi mnayoisimulia nusu

Ikitajwa lakrosi ya wanawake ya vyuo vya Marekani, mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu, mbele ya watu wa michezo hapa kwetu, haipiti muda kabla mtu hajaileta ile hadithi. Kocha Kelly Amonte Hiller alikuwa akijenga timu ya Chuo Kikuu cha Northwestern, jirani na Chicago, akawaona mapacha wawili, Ashley na Courtney Koester, wakikimbia chuoni. Akawauliza kama wangependa kucheza. Hawakuwa wamewahi kucheza lakrosi. Mwaka 2005 wakawa mabingwa wa taifa, mechi 21 bila kupoteza hata moja. Kisha msimuliaji anatoa hukumu yake: "Umeona? Mwenye mbio na pumzi, fimbo atajifunza tu." Juzi nimeisikia tena kutoka kwa kocha wa riadha anayeamini wakimbiaji wake wanane, wakipewa mwezi mmoja na fimbo za kuazima, ni timu.

Hadithi ni ya kweli. Hukumu ndiyo mbovu, na sasa imenichosha.

Tuanze na miaka, haraka haraka. Northwestern ilikuwa na timu tangu 1982, ikafutwa 1992. Amonte Hiller aliajiriwa mwaka 2000 kuifufua, na ikarudi Divisheni ya Kwanza ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, msimu wa 2002. Msimu huo ilipoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Ubingwa ulikuja 2005, kwa kuifunga Virginia 13-10 mjini Annapolis. Kanuni za NCAA zinaruhusu saa 20 za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu, zisizozidi 4 kwa siku, na saa 8 kwa wiki nje ya msimu. Zidisheni hizo kwa miaka ya chuo, halafu mniletee tena habari za mwezi mmoja.

Na wengine kwenye kikosi kile hawakuokotwa njiani. Kristen Kjellman, aliyetwaa Tewaaraton, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, 2006 na 2007, alitoka Massachusetts akiwa tayari mchezaji. Kocha mwenyewe alikuwa bingwa wa vyuo mara mbili akiichezea Maryland, 1995 na 1996, chini ya Cindy Timchal, ambaye ndiye aliyekuwa kocha wa Northwestern timu ilipoanza 1982. Timchal alichukua mataji 7 mfululizo na Maryland, kuanzia 1995 hadi 2001, na alimleta Gary Gait, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa lakrosi ya wanaume, awe kocha msaidizi afundishe wasichana ufundi wa fimbo. Amonte Hiller alikuja Illinois akiwa amebeba shule nzima mgongoni.

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi hasa.

Watu wanadhani mwanariadha asiyejua fimbo atapungukiwa fimbo tu, mengine anayo. Kinyume chake: tatizo lake kubwa ni yale anayodhani anayo. Mchukue msichana aliyecheza mpira wa kikapu, mwepesi, mkali, mumweke beki. Kwa kawaida hapo ndipo anayeanza hupangwa, kwa sababu beki hudai miguu kwanza na mikono baadaye. Timu ina wachezaji 12. Washambuliaji 7 wanakuja kwa mabeki 7 na kipa, waliobaki wanasubiri nyuma ya mstari wa kizuizi uliochorwa uwanjani. Mshambuliaji ana mpira, yuko ukingoni mwa tao la mita 8 lililochorwa mbele ya goli, anaangalia goli. Silika ya kikapu inamwambia beki wetu: ruka mbele, simama katikati yake na goli, ziba njia. Anaruka. Firimbi. Shuti huru kutoka mita 8, naye anapelekwa mita 4 nyuma ya mpigaji, njia ikiwa wazi mbele. Amefanya kosa la kuziba njia ya shuti, na ukimuuliza atakwambia kwa uchungu kabisa kwamba alikuwa anazuia.

Kanuni hii haina mfano katika michezo tuliyozoea, ndiyo maana hakuna mbio zinazoiponya. Mpira ni mgumu, una uzito wa gramu 145 hivi, na mabeki hawavai kofia ngumu, ni miwani ya kinga na kizuia meno tu. Kwa hiyo ni haramu kusimama peke yako, bila mtu unayemkaba, ndani ya pembetatu inayotoka kwa mwenye mpira hadi pande mbili za duara la goli. Ongeza kanuni ya sekunde 3: ndani ya tao huruhusiwi kukaa zaidi ya hapo kama hayupo mpinzani umbali wa fimbo yako. Beki mzuri anaingia, anagusa, anatoka, anahesabu moyoni, na anajua nyakati zote yuko umbali gani na mtu wake. Mwepesi zaidi ndiye anayekosea zaidi, kwa sababu anawahi kufika mahali pasipofaa.

Namna ya kumfundisha? Mnaanza bila fimbo, mikono nyuma ya mgongo. Mshambuliaji anakuja kutoka mita 12, beki anamkuta kabla ya tao, nyonga kwa nyonga, anamsukumia pembeni kwa miguu yake tu, bila kumpiga kikumbo. Likishika hilo, mpeni fimbo, ikae wima. Beki anayelaza fimbo mbele ya kifua cha mwenzake ataadhibiwa hata kama hakukusudia, na fimbo inayoukaribia uso au kichwa ni kadi. Kisha mlete msaada: beki wa pili anakuja kutoka ubavuni, kamwe asije kutoka mbele, na anaondoka kwa mtu wake kabla mshambuliaji hajainua mikono. Mikono ikishainuka umechelewa, baki ulipo, mwachie kipa. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote kwa mwanariadha. Kuambiwa baki ulipo ni kama tusi kwake. Nimeona wanaoielewa baada ya wiki sita na wanaoielewa baada ya msimu mzima, na sijapata kipimo cha kuwatofautisha siku ya kwanza. Kasi ya mita 30 haitabiri chochote hapa.

Fimbo nayo, kwa kifupi. Ukuta, umbali wa mita 4 au 5, mara 50 mkono wa kulia, 50 wa kushoto, 50 kudaka kulia na kurusha kushoto, kila siku. Mkono wa juu ulegee. Anayeubana ndiye mpira wake unaoenda chini kila mara. Mpira wa chini unaokotwa kwa kukunja magoti na kupita nao ukikimbia. Anayekunja kiuno atausukuma mbele kama fagio. Na tafadhali acheni kuwaonyesha wasichana video za wanaume kama somo la kwanza: wavu wa fimbo ya wanaume ni wa kina, unashika mpira. Wa wanawake ni wa kina kifupi, sehemu ya juu ya mpira lazima ionekane juu ya ukingo, kwa hiyo usipoubembeleza bila kukoma, yaani kuitikisa fimbo taratibu, utadondoka ukigeuka tu.

Kuna mahali wenye mbio wanalipa mapema, na hapo nawapa haki yao: mrusho wa katikati. Baada ya kila goli mpira unarudi kati. Wachezaji wawili wanakutanisha fimbo mgongo kwa mgongo, zikiwa zimelala juu ya kiuno, mpira umebanwa baina yake. Firimbi ikilia wanavuta juu, na mpira sharti upande kupita vichwa vyao. Kuanzia hapo ni vita ya wanaozunguka duara la katikati. Siku hizi wanaruhusiwa wachezaji 3 tu wa kila timu kati ya mistari miwili ya kizuizi mpaka mpira upatikane, kwa hiyo uwanja uko wazi na mguu mwepesi unaonekana. Mvutaji anahitaji kifundo cha mkono na maelfu ya marudio. Anayesubiri ukingoni anahitaji kusoma mpira unakoangukia na kuanza sekunde moja kabla ya mwenzake. Mkimbiaji anayeweza hilo, hata kama hajui kufunga, anaipa timu mpira, na mpira ndio kila kitu, kwa sababu unaweza kufunga na kuupata tena na tena mpinzani asiuguse.

Tazama nusu fainali ya 2022. Northwestern ya Amonte Hiller ilikuwa mbele ya North Carolina ya Jenny Levy kwa 13-5. Ikafungwa 15-14. Watu wakasema walikosa moyo. Moyo gani? Tangu 2017 kuna saa ya shuti: timu yenye mpira lazima ipige shuti ndani ya sekunde 90. Aliye mbele hawezi tena kuukalia mpira dakika nne huku muda ukiyoyoma. Anayepoteza mirusho ya katikati mfululizo atalinda, atafungwa, atarudi kati, atapoteza tena. Uongozi wa magoli manane chini ya kanuni za 2005 na uongozi huo huo wa 2022 ni vitu viwili tofauti.

Na hapo ndipo habari ya kazi ya kocha huyu inaponitatiza mimi mwenyewe, ingawa wanaosimulia mapacha hawafiki huku. Mataji 2005, 2006, 2007, 2008, 2009. Wakapoteza fainali ya 2010 kwa Maryland, 13-11. Wakarudi 2011 wakaifunga Maryland hiyo hiyo 8-7, na 2012 Syracuse 8-6. Saba katika miaka minane. Kisha, kuanzia 2013 hadi 2022, hakuna. Kocha yule yule, chuo kile kile. Walitolewa nusu fainali 2019, 2021 na 2022. Halafu 2023 wakaikung'uta Boston College 18-6 kwenye fainali, wakacheza fainali mbili zilizofuata na kupoteza zote: 14-13 kwa Boston College, 12-8 kwa North Carolina.

Vitabu vya ukocha vingekueleza hili kwa ukurasa mmoja safi. Mimi siwezi. Izzy Scane, aliyekuja kuchukua Tewaaraton 2023 na 2024, alikuwa majeruhi wa goti msimu wote wa 2022. Je, tofauti ya 15-14 na 18-6 ni kocha au ni goti la msichana mmoja? Kanuni nazo zilibadilika: saa ya shuti, kisha ruhusa ya kuendelea kutembea firimbi ikilia badala ya kuganda ulipo, kisha robo nne za dakika 15 badala ya vipindi viwili vya 30. Timu zake za mwanzo zilijulikana kwa kubana juu uwanjani hadi mpinzani akose pa kupumua. Na wanafunzi wake walitoka wakaenda kufundisha hayo hayo kwingine: Lindsey Munday Chuo Kikuu cha Southern California (USC), Ann Elliott Colorado, na Hannah Nielsen, Mwaustralia wa Adelaide, akaenda Michigan. Kocha aliyeshinda kwa kujua wasichojua wengine aliwafundisha wengine. Naelekea kuamini sababu hii ya mwisho ina uzito kuliko zote, lakini sitaapa. Ninachokiheshimu zaidi kwake ni ile miaka kumi aliyobaki akibadilisha timu yake bila taji. Mataji ya 2005 hadi 2009 yananivutia kidogo kuliko hayo.

Kuhusu usajili, pia mnakosea. Kwa miaka mingi timu ya wanawake ya Divisheni ya Kwanza ilikuwa na ufadhili kamili wa masomo 12 tu wa kugawa vipande vipande kwa wachezaji 30 na zaidi. Ndiyo sababu kulikuwa na nafasi kwa asiye na ufadhili aliyeonekana anakimbia: hakugharimu kitu, na orodha haikuwa na kikomo. Tangu 2025, katika vyuo vilivyoingia kwenye mpango mpya wa kulipa wanamichezo, kikomo cha ufadhili kimeondoka na kimekuja kikomo cha wachezaji 38. Nafasi ya kujaribu mtu miaka miwili imepata bei, maana lazima mwingine atoke.

Sasa wakimbiaji wetu. Uganda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya wanaume, Denver 2014, na Kenya mchezo unakua, kwa hiyo swali ni halali. Lakini kinachoingia Olimpiki ya Los Angeles 2028 ni lakrosi ya wachezaji sita. Uwanja ni mita 70 kwa 36, robo za dakika 8, saa ya shuti sekunde 30. Na baada ya goli kipa anaanza na mpira. Mrusho wa katikati upo mwanzo wa robo tu. Yaani ile nafasi moja ambako mbio tupu hulipa haraka karibu imefutwa, na kila mchezaji wa uwanjani, beki na mshambuliaji ni mtu yule yule, atadaka na kurusha kwa mikono yote miwili akiwa amechoka. Kocha wa riadha akinileta wakimbiaji wanane nitawapokea wote. Miezi mitatu ya kwanza watakuwa ukutani na kwenye zoezi la mikono nyuma ya mgongo, na mechi ya kirafiki asiniombe kabla ya hapo.